Kiungo cha tela kwenye basi-nyumba: kelele, nyufa na taa zinazogoma

Basi lililogeuzwa nyumba lina tabia moja mbaya: halilalamiki. Pikapu ikivuta tela lililopakiwa vibaya, dereva hulihisi kosa kiunoni kabla hajafika kona ya pili. Basi la tani 12 litalivuta tela hilohilo kutwa nzima, usukani umetulia, injini inanguruma kama jana, na huko nyuma, mita 11 kutoka kitini kwako, chuma kinapinda na bolti zinalegea bila wewe kuambiwa lolote. Ndiyo maana katika kazi hii natumia zaidi macho, tochi, chaki na pimamaji kuliko masikio. Kelele ikishamfikia dereva, tatizo limekomaa.

Tuelewane majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Tufe ni kile kichwa cha mviringo kinachobeba tela. Kikombe ni sehemu ya tela inayolifunika tufe. Ulimi ni mkono wa mbele wa tela. Bomba pokezi ni lile bomba la mraba ambamo mkono wa tufe, yaani kile chuma kinacholibeba tufe, unachomekwa na kufungwa kwa pini; ncha yake ya nyuma nitaiita pua. Fremu ni kila kitu ulichotengeneza wewe ili kuliunga bomba pokezi na basi. Mkia ni sehemu yote ya basi iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma.

Tufe, mkono wake na bomba pokezi usivitengeneze mwenyewe. Nunua vyenye kibao cha uwezo, kisha ubunifu wako uishie kwenye fremu. Vifaa vilivyoidhinishwa chini ya Kanuni namba 55 ya Umoja wa Mataifa hugongwa herufi D na S. S ni kilo ambazo ulimi unaruhusiwa kulikandamiza tufe. D ni nguvu ya kuvuta na kusukuma, kwa kilonewtoni, na unaipata hivi: zidisha tani za basi kwa tani za tela, gawanya kwa jumla yake, kisha zidisha kwa 9.81. Basi la tani 12 na tela la tani 3: 36 gawanya kwa 15, mara 9.81, ni kilonewtoni 23.5. Kila bolti na kila mshono wa fremu yako unapaswa kuibeba nguvu hiyo ikija na kurudi maelfu ya mara. Angalia pia kibao cha basi lenyewe. Mabasi mengi hayakuundwa kuvuta chochote, na mengine hayana hata namba ya uzito wa jumla pamoja na tela. Sheria za barabara za unakoishi zinaweza kudai fremu ikaguliwe, kwa hiyo uliza kabla ya kukata chuma.

"Gong!" wakati wa kuondoka, "gong!" wakati wa kusimama

Kuna kitu kinacheza, na viungo vinavyoweza kucheza si vingi. Kinga matairi ya tela kwa vigingi, mpe mtu usukani, asogeze basi mbele na nyuma sentimita chache tu, polepole. Wewe simama ubavuni na tochi, usiingie kamwe kati ya basi na tela. Kabla ya hapo chora mistari ya chaki inayovuka kila kiungo: kikombe na ulimi, mkono wa tufe na bomba pokezi, bomba pokezi na fremu, fremu na chesisi. Mstari utakaokatika ndio mkosaji wako.

Mara nyingi ni mkono wa tufe ndani ya bomba pokezi. Nafasi ndogo kati yao lazima iwepo ili mkono uingie, na klampu ya U inayoubana mkono kwenye bomba inatosha kuinyamazisha. Pini iliyolika mfereji katikati itupwe. Nati ya chini ya tufe ikiwa imelegea, vua mkono, safisha kutu na rangi chini ya bega la tufe, kaza upya kwa nguvu aliyoitaja mtengenezaji.

Kuna kosa moja hapa linalopita machoni pa watu makini. Tufe la milimita 50 na tufe la inchi 2 si ndugu. La inchi 2 lina milimita 50.8. Kikombe cha inchi 2 kikikaa juu ya tufe la 50 kitafunga vizuri, kisha kitagonga safari nzima. Kikombe cha 50 juu ya tufe la inchi 2 hakikai sawasawa, lachi ya kukifunga inagoma, halafu anatokea mtu mwenye nyundo. Pima kwa kaliper, usipime kwa jicho. Na tufe la 50 likishalika hadi 49 popote pale, limemaliza kazi.

Chaki ikikatika kati ya fremu na chesisi, ruka hadi kwenye bolti.

Pua ya bomba pokezi haiko usawa tena

Hapa ndipo fremu nyingi za kujitengenezea huanza kufa, na hapa ndipo nilipojifunza kusoma chuma.

Siku ya kwanza, kabla ya kuvuta chochote, egesha basi mahali pa usawa, mfumo wa hewa ukiwa umejaa, weka pimamaji juu ya bomba pokezi na uandike pembe. Andika pia urefu kutoka ardhini hadi chini ya chesisi, kulia na kushoto. Bila namba hizo hutajua kama pua imehama au sakafu ndiyo iliyoinama.

Chesisi ya basi huwa juu na tufe linatakiwa chini, kwa hiyo fremu ina miguu inayoning'inia. Tuseme miguu ina milimita 400. Kilonewtoni 23.5 zikivuta kwenye ncha ya mguu huo ni sawa na kuning'iniza karibu kilo 960 kwenye ncha ya mtaimbo wa mita moja uliobanwa upande mmoja. Ndiyo sababu miguu inahitaji mikono ya mshazari, kutoka chini ya mguu kwenda mbele na juu hadi kwenye chesisi.

Pua imehamia upande gani? Tela linapovutwa, tufe linaburutwa nyuma, ncha ya chini ya mguu inafuata na pua inainuka. Uzito wa ulimi na msukumo wa tela wakati wa breki hufanya kinyume: ncha ya mguu inasukumwa mbele, pua inainama. Kwa hiyo pua iliyoinuka inakuambia mikono ya mshazari haipo, au imeng'oka, au miguu ni mirefu kuliko chuma chake. Pua iliyoinama inakuambia ulimi ni mzito mno au tela linalisukuma basi.

Fremu yangu ya kwanza iliinamisha pua nyuzi tatu ndani ya safari moja. Nilidhani bomba la kukingama, lile linalounga miguu miwili, la milimita 100 kwa 100 lenye ukuta wa 4, lilikuwa jembamba. Nikalitoa, nikaweka lenye ukuta wa 6, nikarudi barabarani nikiwa nimeridhika. Pua ikainama tena. Safari hii nililala chini ya basi na tochi, nikatazama kwa urefu wa mikono ya mshazari kama mtu anavyokagua mbao kabla ya kuinunua, jicho moja limefumbwa. Yote miwili ilikuwa imepinda kama upinde. Nilikuwa nimeitengeneza kwa chuma bapa cha milimita 50 kwa 8. Chuma bapa kinahimili kuvutwa vizuri sana. Kikisukumwa kutoka ncha mbili, kinafyatuka pembeni. Mikono ya mshazari iwe ya bomba, au ya engo nene. Nilibadilisha, na pua ikatulia, ila swali lilibaki: kwa nini tela lilikuwa linasukuma kiasi kile? Jibu lake lilikuwa kwenye waya, nitalifikia.

Sababu nyingine ya pua kuhama ni fremu kushikiliwa na kitu kisicho na nguvu. Mabasi yenye injini mbele, kama yale ya shule ya Marekani, yana mihimili miwili ya chesisi kama lori, na mara nyingi mihimili hiyo inaishia kabla ya bampa, au imeongezewa kipande chepesi cha kubebea bampa tu. Fremu ishike mhimili wenyewe, isiishie kwenye nyongeza. Mabasi yenye injini nyuma ni habari nyingine kabisa. Mengi hayana mihimili inayofika nyuma. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, kizimba cha mabomba na mabamba, na injini imening'inizwa ndani yake. Mabano ya bampa yapo kubeba bampa. Kitanda cha injini kipo kubeba injini. Fuata mabomba makuu ya bodi kwenda mbele hadi unapofika mahali ekseli ya nyuma inaposhikilia bodi, na peleka nguvu huko kwa miguu miwili inayopita kulia na kushoto mwa injini.

Ukikosea kwenye basi la aina hii, pua inaweza isihame hata kidogo. Bodi ndiyo itakayohama. Mlango wa injini uliokuwa ukifunga kwa kidole kimoja unaanza kudai goti. Kioo cha nyuma kinapata ufa kutoka kwenye kona. Na ribiti za mabamba ya alumini zinaanza "kutoa moshi": mistari myeusi inayoshuka chini ya kila kichwa cha ribiti, unga wa alumini inayosagana. Ifute kwa kitambaa, safiri kilomita 200, tazama tena. Ikirudi, ribiti hizo zinacheza.

Nyufa

Ufa kwenye fremu iliyopakwa rangi hauonekani kama ufa. Unaonekana kama uzi mwembamba wa rangi ya chai unaotokea mwisho wa mshono, ukishuka kidogo kila mvua. Pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, kwangua rangi na utumie dawa ya kupenya, ile nyekundu na nyeupe ya makopo mawili, upate kuona ufa unaishia wapi hasa. Huwa unaenda mbali kuliko kutu inavyoonyesha.

Nyufa nyingi huanzia pembeni mwa mshono, pale ambapo chuma kilichoyeyuka kinakutana na ambacho hakikuyeyuka. Moto umebadilisha tabia ya chuma hapo, na umbo nalo linabadilika ghafla. Ukimaliza mshono kwenye kona ya bamba, umekusanya mambo hayo mawili mahali pamoja. Zungusha mshono upite kona, au uishie sentimita mbili kabla yake. Bamba la kuimarisha lililokatwa mraba huhamisha ufa tu hadi kwenye ukingo wake. Likate ncha zake kwa mshazari ili ugumu uongezeke taratibu.

Kuupitishia ufa mshono mwingine juu yake ni kupoteza kijiti cha kuchomelea. Toboa tundu la milimita 6 hadi 8 kwenye ncha ya ufa, chimba ufa wote kwa grainda uwe na umbo la V, jaza, saga usawa, kisha jiulize kwa nini ulipasuka hapo. Ikiwa fremu ilikuwa inapinda, mshono mpya nao utapasuka palepale, au jirani yake.

Ufa ukiwa kwenye mhimili wa chesisi wenyewe, simamisha kazi. Mihimili mingi ya magari makubwa imepikwa kwa joto ili iwe migumu, na moto wa kuchomelea unaiondolea ugumu huo. Hata kwenye mihimili ya kawaida, usitoboe wala usichomelee midomo ya juu na ya chini, yaani zile bapa za mlalo za mhimili. Matundu yakae kwenye ukuta wa wima, na fremu ifungwe kwa bolti. Baadhi ya mabasi ya mjini yana kizimba cha chuma kisichoshika kutu. Kukichomelea na chuma cha kawaida kunahitaji waya wa aina ya 309L. Ukitumia vijiti vya kawaida mshono utatoka mgumu na wa kuvunjika.

Kuhusu kuchomelea juu ya basi lenyewe: tenganisha betri na kompyuta za injini, na weka klampu ya hasi karibu kabisa na unapochomelea. Umeme ukilazimika kutafuta njia, unaweza kupitia kwenye beringi za giaboksi, na utazijua wiki tatu baadaye. Na kumbuka hili si basi la abiria tena. Nyuma ya bamba unalolichomelea kuna povu la kuzuia joto, mbao za kabati, labda bomba la gesi ya jiko. Fungua ndani utazame, weka mtu ndani na kizimamoto, na asiondoke mara tu unapomaliza.

Bolti zinalegea kila safari

Wengi hukimbilia washa za springi. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachozungusha nati ikafunguka ni mwendo wa pembeni kati ya vipande vilivyofungwa: vikiteleza hata kidogo, nati inarudi nyuma yenyewe, na washa ya springi haisaidii sana. Dawa ni vipande visiteleze, yaani bolti ivutwe kiasi cha kuvibana kwa msuguano. Ukikaza bolti ya M16 ya daraja la 8.8 kwa mkono na spana fupi, bado hujafika. Inataka karibu nyutoni-mita (Nm) 200 ikiwa nyuzi ni safi.

Kama umekaza hivyo na bado inalegea, tazama vitu vitatu. Rangi nene kati ya bamba na chesisi: inasagika, unene unapungua, mkazo unakwisha. Kwangua, acha praima nyembamba tu. Matundu yaliyotanuliwa kwa moto au kwa faili kwa sababu hayakulingana: bolti haina pa kuegemea. Toboa upya kwa ukubwa wa juu zaidi. Na bolti inayopita ndani ya bomba la mraba lenye uwazi: kila ukikaza, kuta za bomba zinabonyea ndani, na hakuna mkazo utakaobaki. Ingiza bushi nene ndani ya bomba, ichomelewe pande zote mbili, bolti ipite ndani yake.

Kaza tena baada ya kilomita 50 za kwanza, kisha baada ya 500. Piga mstari wa rangi unaovuka nati na bamba, ili ukaguzi wa asubuhi uwe wa kutupa jicho.

Usukani umekuwa mwepesi, mkia umekaa chini

Mkia wa basi ni mrefu, na mkia mrefu ni wenzo. Chukua basi lenye mita 6 kati ya ekseli, tufe likiwa mita 3.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ulimi wa kilo 300. Ekseli ya mbele inapoteza kilo 160, ya nyuma inaongezewa 460. Ongeza fremu yenyewe, ambayo kwa chuma nilichokitaja haitakosa kilo 80, na matangi ya maji ambayo wengi huyaweka nyuma, na unaweza kuwa umepitisha ekseli ya nyuma kikomo huku kila kitu mbele kinaonekana salama. Pima kila ekseli peke yake kwenye mizani, tela likiwa limefungwa.

Uzito wa ulimi wenyewe unapimwa nyumbani. Laza ubao imara, ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani ya bafuni. Weka ulimi juu ya ubao kwenye theluthi ya kwanza kutoka kwenye tofali. Namba ya mizani zidisha kwa 3, baada ya kuondoa uzito wa ubao.

Basi lenye mifuko ya hewa lina hila yake. Vali za usawa hurudisha mkia juu, kwa hiyo uzito uliozidi hauonekani kabisa, mpaka mfumo uvuje usiku na asubuhi ukute tufe limeshuka sentimita 10. Urefu wa tufe pima hewa ikiwa imejaa.

Tela linayumba

Sababu ya kwanza ni ulimi mwepesi: mzigo umepakiwa nyuma ya ekseli ya tela. Marekani matela ya tufe hupakiwa ulimi ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Ulaya matela mengi hutengenezwa kwa ulimi mwepesi zaidi, na kikomo ni ile S. Sogeza mzigo mbele kabla hujanunua kifaa chochote. Sababu ya pili ni tufe lililo juu mno, tela likatembea pua angani. Ya tatu ni tairi za tela zenye upepo mdogo.

Kwenye basi kuna nyongeza ambayo mwenye pikapu haijui vizuri. Tela likisukuma tufe pembeni, mkia mrefu unaizidisha nguvu hiyo juu ya ekseli ya nyuma. Tena ukikata kona kali, mkia wa basi hutupwa upande wa pili na kulivuta tela nao. Ukihisi yumbo kitini, tela huko nyuma limeshayumba vibaya, kwa hiyo weka kamera ya nyuma na uitazame ukiwa barabara kuu. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, washa breki za tela peke yake kwa mkono, usikanyage breki ya basi wala usijaribu kulikimbia.

Gari dogo linaloburutwa kwa matairi yake manne halina ulimi wa kupima. Hakikisha tu fimbo inayoliunga na basi iko karibu usawa.

Mkia unakwaruza, au injini haitoki

Fremu imekula pembe ya kuondokea, yaani mwinuko ambao mkia unaweza kuupita bila kugusa ardhi. Ipandishe na utumie mkono wa tufe wenye mshuko unaovuliwa usipovuta. Magurudumu madogo ya chuma chini ya fremu yanalinda fremu, lakini kila yanapogusa ardhi yanalinyanyua basi zima kwa kupitia mishono yako.

Na kama fremu imeziba njia ya kushushia injini au imekaa mbele ya rejeta, hakuna cha kutafuta zaidi. Ikate, irudie kwa bolti.

Taa

Balbu za tela zinawaka nyeupe kali sekunde moja kisha zinakufa: basi ni la volti 24, tela ni la 12. Adapta tupu ya plagi inapitisha volti 24 zilezile. Usichomoe volti 12 katikati ya betri mbili za basi. Betri moja itachajiwa kupita kiasi na nyingine itabaki na njaa. Njia ninayoipenda ni kuzilisha taa za tela kutoka betri za nyumba, ambazo mara nyingi ni za volti 12, kupitia fyuzi na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zenye koili za volti 24 zinazoamshwa na taa za basi.

Ukiwasha indiketa taa zote zinafifia au zinapepesa pamoja: hasi ni mbovu, na umeme unarudi kupitia tufe lenye grisi. Vuta waya wa muda kutoka hasi ya betri inayolisha tela hadi kwenye chesisi ya tela. Zikitulia, umepata. Waya wa hasi ni mweupe kwenye plagi ya pini 7 ya kiwango cha kimataifa cha ISO 1724, ambako njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, na kahawia na nyeusi ni taa za nyuma.

Indiketa zinazimika ukikanyaga breki: tela ni la mpangilio wa Kimarekani, balbu moja kwa breki na indiketa, na basi lako linazitenganisha. Kuna kisanduku cha kubadilisha. Rilei peke yake haitoshi.

Breki za tela ni dhaifu

Hapa tunarudi kwenye mikono yangu iliyopinda.

Tela langu lina ekseli mbili na breki za umeme, sumaku nne, kila moja ikila karibu ampea 3. Kisanduku cha breki, kile kinachopeleka umeme kwenye sumaku ukikanyaga breki, kiko kwa dereva, kwa hiyo ampea 12 zilikuwa zinasafiri mita 15 kwenye waya wa milimita 2.5 za mraba. Shaba ya unene huo na urefu huo ina omu 0.105. Zidisha kwa 12, umepoteza volti 1.26 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Sumaku zilikuwa zinapata karibu volti 10, na kila nilipokanyaga breki tela lilikuwa linaegemea fremu. Basi lilisimama vizuri tu. Halikuniambia kitu.

Pima volti kwenye plagi ya nyuma huku breki zikiwa zimeshikwa, usipime zikiwa zimeachiwa. Waya mwembamba bila mzigo unaonyesha volti zote. Kwa waya wa milimita 6 za mraba hasara nzima inashuka hadi karibu volti 1.

Kulikuwa na sababu ya pili, nayo sikuiona mpaka niliposhuka mlima nikiitazama taa ya kisanduku. Nilikuwa natumia breki ya ekzosi, inayoziba moshi wa injini ili basi lipunguze mwendo, muda wote. Basi linapunguza mwendo, taa za breki haziwaki, kisanduku hakipati ishara, na tela zima linaning'inia kwenye tufe kilomita baada ya kilomita. Rilei moja inayowasha taa za breki pamoja na breki ya ekzosi imemaliza hilo. Kagua pia kwamba ishara inayoingia kwenye kisanduku si ya volti 24. Kisanduku cha volti 12 hakiponi kwa hiyo. Kile chenye kipima upungufu wa mwendo ndani kifungwe kikiwa kimenyooka kuelekea mbele, vinginevyo kinasoma uongo. Waya wa breki ya dharura, unaoshika breki za tela likichomoka, ufungwe kwenye fremu ya basi, usifungwe kwenye mkono wa tufe, kwa sababu mkono ukichomoka utaondoka nao. Minyororo vilevile, ikipishana chini ya ulimi.

Mikono ya bomba niliyoiweka baada ya hapo nimeitazama kwa jicho moja kila nilipoegesha. Imenyooka.